Diwani Aliyesema Majembe Yawekwe Chini

Ndeti hakuumbwa na kiuno cha kukalia kiti. Mama yake aliliona hilo mapema, huko vilimani Kathiani, kwa sababu mtoto alikuwa akila huku akizunguka nyumba, na ukimwambia aketi aliketi kwa muda wa kumeza tonge moja tu. Alipokuwa mtu mzima alisimama nyuma kanisani, karibu na mlango, akidai mgongo unamuuma. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Miguu ndiyo iliyokuwa na shida, haikujua kutulia.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mwaka wa 1971, shamba la baba yao lilipogawanywa kati ya wana sita, Ndeti alipokitazama kipande chake, akakipima kwa macho, akasema hapa hata mbuzi akigeuka atakuwa amevuka mpaka. Alimchukua Kamanthe, mke wake wa mwaka mmoja, mashoka mawili, ng'ombe watatu, wakashuka hadi Ndithini. Siku zile Ndithini ilikuwa weu, yaani nyika isiyo na mwenyewe. Mtu alichagua mahali, akachanja alama kwenye miti minne, akaanza kufyeka. Aliyekuja baadaye akiona alama alipita mbele. Ndeti alichanja miti yake kabla hata hajashusha mizigo.

Kumbe hakuwa ameuliza maji yako wapi. Kule Kathiani chemchemi ilikuwa nyuma ya jiko la kina Kamanthe, unaisikia ukiwa umelala. Ndithini mto ulikuwa mwendo wa saa mbili kwenda, na kurudi ukiwa na mzigo mgongoni, usiulize. Siku ya tatu Kamanthe aliutua mtungi, akaketi chini kando yake, akalia waziwazi, bila kujificha. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndeti, ambaye alikuwa amesimama na shoka lake, alijisikia vibaya sana, akamwambia asilie, atamletea maji mlangoni. Kamanthe akajifuta macho, akasema sawa, atangoja.

Hiyo ndiyo ahadi yenyewe. Mengine yote aliyoyafanya Ndeti katika maisha yake, pamoja na siasa, yalitoka hapo, hata kama watu wengine walidhani yalitoka kwenye tamaa ya cheo.

Alichimba visima vinne kwa miaka kumi na saba. Kimoja kilitoa maji ya chumvi, vitatu vilitoa mawe. Wakati huo weu ilikuwa imejaa watu, kila mmoja na miti yake minne, na wote kiu ilikuwa moja. Mwaka wa 1988 Ndeti alizunguka nyumba kwa nyumba, akaanzisha mwethya, kikundi cha kulimiana na kujengeana, watu hamsini na mmoja, wengi wao akina mama. Wakakubaliana kuchimba silanga, bwawa la kukinga mvua, katika korongo lililo chini kidogo ya kwa Ndeti. Kazi ilikuwa Ijumaa. Asubuhi Nduku, karani wa kikundi, alisoma majina, kila mtu akaitika kwa mdomo wake, halafu Nduku huyohuyo akawapimia. Kipimo cha mtu mmoja kilikuwa hatua tatu za Nduku, na Mungu alikuwa amempa Nduku miguu ya twiga. Watu walinung'unika weee, lakini hakuna aliyepewa hatua fupi.

Ndeti ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na ndiye aliyetunga sheria. Ukikosa Ijumaa tatu mfululizo, umetoka. Ukiwa mgonjwa, mtu wa nyumba yako anaweza kukuchimbia kipimo chako. Na ukitoka kisha utake kurudi, utapika muthokoi wa kikundi kizima kwa mikono yako mwenyewe, kuanzia kuyatwanga mahindi hadi kuyachemsha na maharagwe, usisaidiwe hata na mkeo, ubebe sufuria kichwani hadi kazini, kisha usimame mbele ya wenzako uimbwe mpaka wachoke. Sheria hiyo ya mwisho aliitunga kwa ajili ya mtu mmoja, Muli, ambaye alikuwa mvivu wa kusifika. Muli alitoka, na Muli akarudi. Siku alipokuja na sufuria kichwani, mchuzi ukimtiririka shingoni, Ndeti alicheka hadi akashikilia mti. Baada ya hapo Muli hakukosa tena hata Ijumaa moja.

Kufikia mwisho wa mwaka wa 1992, ukuta wa silanga ulikuwa umesimama pande zote mbili za korongo. Palibaki pengo la katikati, kama hatua arobaini, pale ambapo mkondo wenyewe ulipita. Nduku alihesabu Ijumaa akasema miaka miwili hivi, wakijitahidi.

Ndipo siasa zikaingia. Vyama vilikuwa vimekuwa vingi, kila mti una karatasi, na watu wa Ndithini wakawa wanatafuta mtu wa kumpeleka Machakos awe diwani. Wakatazamana. Nani asiyeweza kukaa kitako? Nani atawasumbua wakubwa mpaka watoe kitu? Walimjia Ndeti, naye akakubali kabla hawajamaliza kusema. Alipigiwa kura hata na Muli.

Ijumaa ya kwanza baada ya kuapishwa, mwezi wa Januari, alifika kwenye silanga akiwa amevaa suti mpya ya kijivu. Nduku alikuwa ameshasoma majina na watu wameshaanza kuchimba. Ndeti alipanda juu ya ukuta, akawaangalia wale akina mama walioinama, Kamanthe akiwa katikati yao, na moyo wake ukamjaa. Akawaambia wanyooke. Akawaambia mgongo wa mama si wa kuchimba milima. Kule barazani ameiona kwa macho yake katapila ya manjano, na amewekwa katika kamati ya ujenzi, ameketi karibu na mwenyekiti hivi. Kazi ya pengo hili kwa mashine ile ni siku nne. "Wekeni majembe chini," alisema. "Ndiyo maana mlinituma."

Watu walipiga makofi, tena ya nguvu. Nani hapendi kuambiwa apumzike? Kamanthe hakupiga. Alipofika nyumbani alimuuliza mumewe jambo moja tu, je, na ikikawia? Ndeti akacheka, akasema haiwezi kukawia, si yeye ndiye yuko huko?

Basi, wakaweka majembe chini. Mwethya haukufa, ulihamia kwenye matuta ya mashamba na kujengeana nyumba, lakini silanga iliachwa ikingoja mashine.

Machakos ilimtesa Ndeti kuliko weu. Huko nyikani ukitaka kitu unakikata. Barazani kila jambo lilitaka kuketi. Waliketi kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, wakaketi kunywa chai, wakaketi kupanga siku ya kuketi tena. Ndeti alivumilia robo saa, kisha akainuka kwenda dirishani, na wenzake wakadhani anataka kuzungumza, wakampa nafasi, naye akauliza swali lilelile kila mkutano. Katapila itafika Ndithini lini? Wakamwandika. Katika kumbukumbu zote za miaka mitano kuna mstari unaosema mheshimiwa wa Ndithini aliuliza kuhusu katapila.

Aliyeshika ufunguo wa mambo alikuwa karani wa ujenzi aliyeitwa Bartholomew, kijana mpole wa sauti ya chini, asiyejua kusema hapana. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Alisema ndiyo kwa kila diwani. Mwaka wa kwanza katapila ilikwenda Wamunyu, mwaka wa pili ikakatika mnyororo ikalala uani. Mwaka wa tatu ikapelekwa Kathiani kutengeneza barabara, Kathiani hukohuko alikotoka Ndeti, kwenye chemchemi zao. Ndeti alikwenda uani mara moja akakuta kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Alirudi ofisini kwa hasira, akampigia Bartholomew meza. Bartholomew akamwagizia chai na kumwahidi wiki ijayo, mheshimiwa, hiyo ni hakika. Na Ndeti, mzee mzima, akaamini tena. Ungemwambia nini? Mtu aliyekwisha kuwaambia watu waweke majembe chini hana budi kuamini.

Nyumbani nako hakutulia. Alikuja mwisho wa juma, akahamisha lango kutoka mashariki hadi kaskazini, mwezi uliofuata akalirudisha. Alipanda miche ya michungwa iliyohitaji maji ambayo hayakuwepo. Kila siku Kamanthe aliondoka na punda wawili kabla jua halijapanda, na Ndeti hakuweza kulitazama lile lango alilolihamisha wakati punda wanatoka. Alijifanya anatafuta kitu bandani.

Jambo moja hakulijua wakati huo, aliambiwa miaka mingi baadaye. Zile Ijumaa tatu za mwanzo alizokosa, Kamanthe alipomsikia Nduku akisoma jina la mumewe aliitika yeye, na akataka kupimiwa vipimo viwili, chake na cha Ndeti. Nduku alikataa. Alimwambia sheria inaruhusu kumchimbia mgonjwa, na udiwani si ugonjwa. Ijumaa ya tatu jina likapigwa mstari.

Mwaka wa 1997 ulipofika katikati, redio ilianza kusema habari za mvua ya ajabu iliyo njiani, Elnino, mvua ambayo haijaonekana tangu enzi za uhuru. Wengine walicheka. Ndeti hakucheka. Alipiga hesabu yake, akaona kwamba mvua moja kama hiyo ikikuta silanga imefungwa, Ndithini ina maji ya miaka miwili, na Kamanthe atachota maji hatua mia tatu kutoka mlangoni. Ikikuta pengo liko wazi, basi tena. Mwezi wa Septemba alilala Machakos wiki tatu, akamfuata Bartholomew kazini, akamfuata kanisani, akamfuata kwa kinyozi. Mwisho Bartholomew akachoka, akatia sahihi.

Katapila ilifika Ndithini mwisho wa Oktoba, juu ya lori, watu wakipiga vigelegele barabarani. Mvua ilikuwa imeanza siku tano nyuma.

Waliishusha. Ikatembea kwa nguvu zake mwenyewe kuelekea korongoni, Ndeti akiwa mbele yake ameshika mwavuli, anaielekeza kwa mkono kama anayeongoza ng'ombe. Udongo wa pale ni ule mweusi, mkavu una nyufa za kumeza mguu, ukilowa ni uji. Ilibaki kama hatua mia mbili kufika kwenye pengo. Katapila iliinamisha pua, ikanguruma, ikazama hadi kwenye kiti cha dereva. Dereva akatoka juu, akaruka, akazama yeye pia mpaka magotini.

Hapakuwa na mashine ya kuitoa mashine. Nduku akaita mwethya. Walikuja wote na majembe yao, wakasomwa majina katikati ya mvua, wakapimiwa, wakaanza kuifukua katapila ya baraza kutoka kwenye tope la Ndithini. Iliwachukua siku mbili. Kamanthe alikuwa kwenye maji mpaka magotini, kitambaa chake cha kichwani kimelowa na kumnata usoni, anatupa tope, anainama, anatupa tope. Ndeti alisimama kando akiwa na suti na mabuti ya mpira. Alihesabu moyoni. Kwa watu hawa hawa, kwa siku mbili kama hizi kila wiki, pengo lingefungwa zamani, hata Elnino ingekuwa bado haijatungwa jina. Mambo hayo alikuwa akiyajua tangu mwaka wa pili wa udiwani, ila alikuwa hajayatazama usoni. Sasa yalikuwa mbele yake yanachimba.

Hakuvumilia. Alitupa mwavuli, akashuka, akanyoosha mkono kuchukua jembe lililokuwa limechomekwa kwenye tope. Nduku alimzuia, tena kwa heshima zote, bila kupandisha sauti.

"Pole, mheshimiwa," alisema. "Wewe si mwanachama."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Ndeti alirudi juu akasimama palepale alipokuwa, na miguu yake, kwa mara ya kwanza, haikujua pa kwenda.

Katapila ilitolewa, ikaoshwa na mvua, ikarudishwa Machakos ikiwa haijachimba hata shimo la kupanda mgomba. Mvua ilinyesha hadi mwaka mpya na baada yake. Maji yalishuka korongoni mekundu, yakipiga kelele mchana na usiku, yakapita kwenye lile pengo na kuondoka na kipande kikubwa cha ukuta wa kushoto. Maji ya miaka miwili yalipita mbele ya mlango wa Kamanthe, yakaenda zake. Kura zilipigwa matope yakiwa bado barabarani. Ndeti alishindwa vibaya sana na mwalimu mstaafu ambaye hakuahidi kitu chochote.

Watu walidhani atalalamika. Hakulalamika. Suti aliitundika, na maji ya mvua yalipokauka alichukua jembe lake la zamani akaenda kwenye silanga peke yake. Alichimba kila siku, si Ijumaa tu. Wapita njia walimsalimia wakapita. Alichimba wiki tatu, akainua tuta refu kiasi cha kiuno, mvua moja ya Machi ikalifuta lote kwa mchana mmoja. Akaanza tena. Kamanthe alimletea uji, akaketi juu ya jiwe akimtazama anavyohangaika, halafu akamwambia bila ukali wowote.

"Baba Mumo, silanga haichimbwi na mtu mmoja. Ni wewe ulitufundisha hivyo. Nenda ukaombe."

Kuomba. Alijua maana yake. Sufuria kichwani, na Muli amesimama pale anamtazama mchuzi ukitiririka. Mtu aliyekuwa akiitwa mheshimiwa kwa miaka mitano, aliyekaribishwa chai na wakubwa! Ndeti alisema atafikiria. Alifikiria miaka miwili, huo ndio ukweli, na kiburi kilimla mwili kuliko malaria. Alifuga nyuki, akaacha. Alikwenda Athi River kwa mwanawe Mumo, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, akakaa siku nne, akarudi akisema nyumba za huko hazina pa kutembea. Mwethya nao haukuigusa silanga. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua jembe pale alipoambiwa aliweke chini, na hakuna aliyetaka kumtaja Ndeti mbele ya mkewe.

Mwaka wa 1999 mvua ilikataa. Mwaka wa 2000 ikakataa tena. Mahindi yaliota kidole kimoja yakafa. Mto ulirudi nyuma, ukawa mchanga wa kuchimbuliwa, na saa mbili za kwenda zikawa tatu. Punda mmoja wa Kamanthe alikufa mwezi wa Juni. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imeanza kumsumbua tangu zile siku mbili za tope, ingawa alisema ni uzee tu. Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Asubuhi moja ya Agosti, jua limeshachoma, Ndeti alikwenda kumtazama mbona amekawia. Alimkuta njiani, mbali bado. Punda wa pili alikuwa amelala kando ya barabara, amekataa kuinuka. Kamanthe alikuwa amemtua mizigo. Jerikani moja alikuwa ameifunga kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, na alikuwa akitembea ameinama hivi, anauvuta mguu wa kulia, kisha anarudi kuchukua jerikani ya pili, anaisogeza mpaka ilipo ya kwanza, kisha tena. Alikuwa akisogeza maji yake kwa vipande. Alipomwona mumewe aliendelea na jerikani yake. Hata hakuonekana kama alikuwa amemtarajia, na hilo ndilo lililomchoma Ndeti.

Aliuchukua ukanda kutoka kwenye paji la mkewe akauvaa kwenye lake. Wanaume hawabebi hivyo, na barabara ilikuwa na watu. Akainama, akabeba mpaka nyumbani, akarudi kuchukua ya pili, na jioni akarudi kumwinua punda. Kichwa kilimuuma siku mbili. Mwenzake alikuwa ameubeba ukanda huo tangu mwaka wa 1971.

Alhamisi ya wiki hiyo majirani walisikia kinu kikigongwa kwa Ndeti. Mlio wa kinu kila mtu anaujua, na huu ulikuwa mbovu, unapiga, unakosa, unapiga ukingo. Watoto walikwenda kuchungulia wakarudi wakisema ni mzee. Kamanthe aliketi chini ya mwembe na mikono mapajani, akimsikia anavyoyaharibu mahindi, na hakusogea, maana sheria ni sheria. Ndeti alitwanga, akapepeta, maganda yakabaki nusu. Akachemsha. Ijumaa asubuhi alijitwika sufuria, akaishika kwa mikono miwili, akateremka hadi kwa jirani ambako mwethya ulikuwa ukichimba matuta.

Nduku alikuwa katikati ya majina. Alilifunga daftari. Ndeti akautua mzigo, mchuzi umeshamlowesha kola, akasimama mbele yao. Akasema yale yaliyomleta, maneno machache. Kwamba aliwaambia waweke majembe chini na alikosea. Kwamba anaomba arudi.

Ilibidi aimbwe, na mwenye kuanzisha nyimbo za kikundi alikuwa Kamanthe. Watu walimgeukia. Alijikongoja mbele, akamtazama mumewe kutoka kichwani hadi kwenye viatu, na macho yake yalikuwa yanacheka na yanalengalenga kwa pamoja. Akaanza kwa Kikamba, sauti yake nyembamba ileile. Tulingoja mashine ya chuma, leo imefika ya nyama. Ina miguu miwili, inakunywa chai, mnyororo wake umekatika. Wakadaka wote, wakapiga makofi, wakamzunguka, kila mmoja akiongeza ubeti wake. Muli alikuwa na ubeti mrefu kuliko wote, alikuwa ameungoja miaka kumi. Ndeti alisimama. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama mahali pamoja kwa muda mrefu hivyo. Walipochoka, wakala. Muthokoi ulikuwa mgumu, maganda yanaingia menoni, na hawakuacha kumwambia.

Kisha Nduku akafungua daftari, akaandika jina jipya chini kabisa, akasema kwa sauti kavu kwamba Ijumaa ijayo kikundi kitakutana kwenye silanga.

Walichimba mwaka mmoja na miezi miwili. Walianza na ule ukuta uliobomoka, wakahamia pengoni, na Ndeti alichimba kipimo chake katika mstari, hapo walipompangia, mbele ya Muli na nyuma ya Kamanthe. Oktoba ya 2001 walitia jiwe la mwisho. Mvua ilikuja Novemba, si nyingi, ya kawaida tu, lakini maji yaliposhuka korongoni yalifika ukutani yakasimama. Yakapanda polepole. Siku ya tano Ndeti alimchukua mkewe kwa mkono, kwa kuwa nyonga ilikuwa imemkatalia kabisa na daktari amemkataza mizigo, wakateremka zile hatua mia tatu wakipumzika mara mbili. Kamanthe alichota kwa kikombe, akaonja.

"Yana udongo," alisema. "Ya Kathiani yalikuwa matamu."

Halafu akacheka mpaka akaketi chini, na Ndeti akaketi kando yake. Walikaa pale hadi mchana. Kamanthe ndiye aliyesema twende, mzee alikuwa bado ameketi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi tena. Wakati huo silanga ilikuwa imeshuka na kikundi kilikuwa kinazoa tope lililojaa chini, kazi ya kila mwaka. Kamanthe hakuwa akichimba. Aliletwa asubuhi, akaketi ukutani juu ya gunia, akaanzisha nyimbo. Nduku alikuwa amemsamehe kipimo chake, lakini jina lake aliendelea kulisoma kwa sababu hakuwa na moyo wa kuliruka.

Ijumaa moja walikuja wazee watatu wamevaa makoti, wakasimama ukingoni. Walikuwa wamemkosa Ndeti nyumbani. Walitaka arudi Machakos. Yule mwalimu alikuwa amelala usingizi miaka mitano, watu wanamtaka mtu asiyeketi, na mara hii, walisema, atakuwa amejifunza. Ndeti alikuwa amesimama kwenye mstari pamoja na wengine, suruali imekunjwa magotini. Aliwaomba wangoje kidogo, majina yanasomwa.

Nduku alisoma. Muli akaitika. Ndeti akaitika. Nduku akafika kwenye jina la Kamanthe, akalisoma kwa sauti ya chini kama kawaida yake, akitaka kupita. Kamanthe kule ukutani alikuwa ameshafungua mdomo ili aanze wimbo.

"Yupo," Ndeti alisema.

Nduku aliinua macho kutoka kwenye daftari. Akamtazama Ndeti, akamtazama Kamanthe, akakumbuka Ijumaa tatu za zamani na neno alilolisema yeye mwenyewe. Hakubisha. Alishuka kwenye tope na ile miguu yake mirefu, akapima hatua tatu, akaweka kijiti, akapima nyingine tatu, akaweka kijiti cha pili. Kamanthe alisahau wimbo wake. Alikuwa amefunika mdomo kwa kanga.

Ndeti aliwageukia wale wazee waliokuwa wakingoja jibu, akawaambia watafute mtu mwingine.

"Leo niko na vipimo viwili," alisema, akainama.